Je, Mikono Nayo Husema Uongo?

Amri ya nane yatukataza uongo, na watoto wa mafundisho huijua vizuri. Nikiwauliza, "Uongo hukaa wapi?" hunijibu kwa sauti moja, "Kinywani, Mwalimu!" Nami kwa miaka mingi niliridhika na jibu hilo. Nilisoma falsafa miaka mitatu seminarini, nikafundishwa kwamba uongo ni neno lililo kinyume cha yale aliyo nayo msemaji moyoni. Neno, yaani jambo la ulimi. Juu ya mikono sikufikiri sana. Lakini mwaka jana tulijenga meli ndogo hapa kwetu Kimanga, na meli hiyo ilinitia katika mashaka ambayo madaftari yangu ya seminari hayakunitoa upesi. Napenda, ndugu msomaji, nikusimulie jinsi ilivyokuwa.

Ilikuwa majira ya mvua. Vijana sita wa mafundisho ya kipaimara walikuja kwangu wakitaka kutengeneza kitu cha kuonyesha siku ya sikukuu ya parokia. Mmoja akasema tujenge kanisa dogo, kama wafanyavyo wote. Mwingine, mtoto wa mvuvi, akasema, "Hapana. Tujenge Liemba." Wote wakaruka kwa furaha, na habari ya kanisa ikaishia hapo.

Msomaji wa mbali pengine haijui Liemba. Sisi wa pwani hii ya Tanganyika twaijua hata kama hatujapanda, kwa maana wazee wetu waliijua. Ilijengwa mwaka 1913 huko Papenburg, mji wa Ujerumani ulio karibu na mto Ems, katika karakana ya Meyer. Ilijengwa, kisha ikafunguliwa tena yote, bati kwa bati, ikapakiwa katika masanduku yapata 5,000. Masanduku hayo yakavuka bahari mpaka Dar es Salaam, yakapanda gari la moshi mpaka Kigoma, ambako reli ilikuwa imefika mwaka 1914. Mafundi watatu wa Papenburg wakaja kuiunganisha upya, wakifanya kazi pamoja na Wahindi na watu weusi wengi ambao majina yao hayakuandikwa. Tarehe 5 Februari 1915 ikashushwa majini. Urefu wake ni mita 71 na zaidi kidogo. Upana wake karibu mita 10. Ilikusudiwa kuchukua mizigo na abiria, lakini vita vilikuwa vimekwisha kuanza, ikafanywa meli ya vita na ya kuchukua askari.

Jina lake la kwanza lilikuwa Graf von Götzen. Huyo ndiye aliyekuwa gavana wa Wajerumani katika Afrika ya Mashariki tangu 1901 hata 1906, na vita vya Maji Maji vilianza wakati wake. Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha karibu na Kigoma, ili isishikwe na adui. Kwanza mafundi waliipaka mitambo yake grisi nyingi, ili maji yasiiharibu. Jambo hilo hunishangaza kila nikilifikiri: mtu anazamisha chombo chake, na huku anakitunza. Wabelgiji waliiinua baadaye, ikazama tena. Waingereza wakaitoa mwaka 1924, wakaitengeneza, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba, jina la ziwa alilolisikia Livingstone katika upande wa kusini. Katika miaka ya 1970 iliondolewa mitambo ya mvuke, ikatiwa ya dizeli.

Basi, msomaji aliyesoma falsafa ameona tayari swali la zamani. Plutarko alisimulia habari za merikebu ya Theseus, iliyobadilishwa ubao mmoja mmoja mpaka watu wa Atene wakabishana kama bado ni ile ile. Meli yetu ilibadilishwa mitambo, sehemu za juu na hata jina, nayo imelala chini ya maji miaka kadhaa. Je, ni moja au ni mbili? Nilipowauliza vijana, mtoto wa mvuvi akanijibu, "Mwalimu, boti ya baba imebadilishwa mbao zote, na deni lake kwa muuza nyavu halijabadilika." Nikaona hana haja ya masomo yangu.

Lakini swali hilo halikuwa la mchezo tulipoanza kazi. Mjenzi wa mfano hawezi kujenga meli ya miaka yote. Lazima achague mwaka. Tulichagua 1915 kwa sababu mbili, moja nzuri na moja ya kitoto. Ile nzuri ni kwamba tulikuwa na picha safi ya zamani iliyopigwa kwa ubavu. Ile ya kitoto ni kwamba mwaka ule meli ilikuwa na mzinga.

Kwa useremala tulimwendea mzee mmoja ambaye amechonga boti na mitumbwi hapa ufukoni tangu ujana wake. Nitamwita Mzee Fundi. Alitazama picha, akauliza kipimo. Nilimweleza kwa hesabu: meli katika picha ina sentimita 18 hivi, basi kila sentimita ya picha ni karibu mita 4 za meli, nasi tutajenga mara nne ya picha, hata kila sentimita yetu iwe mita moja ya meli yenyewe. Yeye hakwenda shule nyingi, lakini alifahamu mara moja, akanisahihisha mahali nilipokosea. Alisema, "Mwanangu, picha hii haikupigwa katikati. Nyuma kumefupishwa. Ukipima tu bila kufikiri utapata meli isiyo na makalio." Kweli, mpiga picha alisimama upande wa mbele kidogo, na sehemu iliyo mbali huonekana fupi.

Mwili wa meli tuliujenga kwa mbavu za mti mwepesi, na juu yake tukapigilia bati jembamba. Bati hilo lilitoka katika mikebe ya mafuta ya msaada, ile ya lita nyingi ambayo watu walirudi nayo kutoka makambini na ambayo mpaka leo utaiona katika nyumba nyingi ikiwa kibaba, taa, au mlango wa banda la kuku. Tulikata vipande vya sentimita sita kwa moja na nusu, maandishi tukayageuza ndani. Vijana walidhani kamba na kingo za meli ni kazi rahisi. Walileta waya za mwavuli. Mzee Fundi akawauliza unene wake. Milimita mbili. "Basi katika meli yenu abiria wameshika mashina ya migomba," akasema. Hesabu ilikuwa sawa: milimita mbili zetu ni sentimita ishirini za meli. Tukafumua mota iliyoungua, tukapata nyuzi za shaba nyembamba kama nywele. Kamba za meli tukazifanya kwa uzi wa fundi cherehani.

Alikuwa mkali, na ukali wake ulinifundisha. Siku moja sakafu ya juu ilikuwa imekwisha kupigwa gundi, naye akaona imepanda upande mmoja milimita tatu. Akaamuru ing'olewe. Kijana mmoja akanung'unika, "Baba, milimita tatu ni kitu gani?" Akamjibu, "Ni futi moja ya maji ndani ya chombo." Ikang'olewa.

Halafu tulifika mahali pagumu. Picha huonyesha yale yaliyo juu ya maji. Chini ya maji meli ina umbo gani? Imechongoka au ni bapa? Usukani una upana gani? Hatukuwa na mchoro. Nilisema tukisie, maana nani atajua? Mzee Fundi akakataa kabisa. Yeye ndiye mjuzi wa vyombo, tena angeweza kukisia kuliko sisi wote, naye alikataa. "Sijauona tumbo lake," alisema. Akachukua msumeno, akakata mfano wetu sawa na mstari wa maji, akaulaza juu ya ubao mpana, akatuambia tuupake ubao rangi ya ziwa. Hivyo meli yetu inaelea juu ya ubao, na chini ya ubao hapana kitu.

Nilipenda sana tendo lile. Usiku ule nilifungua madaftari yangu. Mtakatifu Augustino, aliyeandika vitabu viwili juu ya uongo, alitofautisha wazi kuficha kweli na kusema uongo. Mtu anyamazaye hajasema uongo bado. Mtakatifu Thomas naye, akieleza vita, asema ni halali kwa askari kumficha adui mashauri yake, lakini si halali kumwambia uongo au kuvunja ahadi aliyompa. Tena mahali pengine afundisha jambo ambalo nilikuwa nimelisahau: kwamba mtu aweza kusema uongo kwa matendo na ishara, kama kwa maneno. Basi hapo nilipata jibu la swali langu kuhusu mikono, au nilidhani nimelipata. Mikono husema. Kwa hiyo mikono yaweza kudanganya, na mikono yaweza pia kunyamaza kwa unyofu, kama msumeno wa Mzee Fundi.

Habari ya mzinga ilinithibitishia. Wakati ule meli ya vita ya Wajerumani, Königsberg, iliharibiwa katika delta ya Rufiji mwezi wa Julai 1915, na mizinga yake ikatolewa, ikapelekwa huku na huku. Mmoja ulifika Kigoma, ukawekwa juu ya Götzen. Lakini mwaka 1916 jeshi la nchi kavu liliuhitaji, ukaondolewa, na mahali pake ukawekwa mzinga wa mti. Wabelgiji waliokuwa ng'ambo, Kalemie, ambako zamani kuliitwa Albertville, waliogopa meli yenye gogo. Vijana walicheka sana waliposikia, kisha mmoja akasema, "Mwalimu, basi mzinga wetu ndio sehemu moja tu ya kweli kabisa! Wao waliufanya wa mti, na sisi tumeufanya wa mti." Nikamwambia amekosea: mti ule ulichongwa ili mtu adhani ni chuma, na mti wetu umechongwa ili mtu ajue chuma kilikuwaje. Mti ni mmoja, nia ni mbili. Nilijiona mwalimu hodari sana siku ile.

Sikukuu ikafika. Tuliweka meli juu ya meza chini ya mwembe, watu wakajaa. Walisifu madirisha madogo ya duara, ngazi, dohani, nanga iliyofanywa kwa msumari. Vijana walieleza mwaka na vipimo. Saa ya adhuhuri akaja mama mmoja anayeuza ndagala karibu na Kalundu, mwanamke wa makamo. Alizunguka meza mara mbili bila kusema neno. Halafu akaniambia, "Mwalimu, mmeijenga vizuri. Lakini watu wako wapi?"

Nikamjibu kwa upole, "Mama, hii ni meli ya mwaka 1915, wakati wa vita vya Wazungu."

"Vema. Askari wake wako wapi, basi?"

Nikanyamaza.

Akasema, "Mimi sijapata kuiona bato hii ikiwa tupu." Akanyosha kidole, bila kugusa, nyuma ya dohani. "Hapa nilikaa mimi na cherehani yangu. Hapa alikaa mama yangu. Alikuwa mgonjwa, lakini alikaa, hakulala. Tulipoona milima yetu alisema majina ya vilima. Tulimshusha Kalundu kwa machela, na siku ya nne akafa. Hapa ndipo nilipomwona mara ya mwisho ameketi kama mtu mzima." Akapangusa mikono yake kwa kitenge, akaenda zake.

Lazima nieleze. Mwezi wa Oktoba 1996 vita viliingia Uvira, na watu wengi walivuka ziwa kukimbilia Kigoma. Mwaka 1997, utawala wa Mobutu ulipokwisha kuanguka, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi liliitumia Liemba kurudisha watu. Wanaandika kwamba zaidi ya 75,000 walirudishwa. Ni meli ile ile pia iliyotumwa mwaka 2015 kuwachukua Warundi waliojazana Kagunga. Hapa Kimanga huwezi kupita nyumba nyingi bila kumkuta mtu aliyeshuka kutoka meli ile. Mimi mwenyewe ni mmoja wao. Nilikuwa na miaka mitano, wala sikumbuki chochote ila harufu ya mafuta na biskuti moja.

Na hili ndilo lililonitesa usiku. Tuliijenga meli iliyotubeba, na kati yetu sisi sote hakuna aliyeona upungufu wa watu. Kila kitu kilipimwa. Milimita tatu zilitufanya tung'oe sakafu nzima. Bati lenyewe lilitoka katika mikebe ya wakimbizi, na maandishi yake tuliyageuza ndani ili yasionekane! Je, tulisema uongo?

Kwanza nilijitetea kwa Augustino. Kunyamaza si uongo. Tulinyamaza juu ya tumbo la meli, tukasifiwa; tumenyamaza pia juu ya watu, kosa liko wapi? Lakini moyo haukutulia, na baada ya siku chache nikaona tofauti. Chini ya maji unyamavu wetu ulionekana wazi. Kila atazamaye huona kwamba meli imekatwa, huona ubao, hujua kwamba hapo wajenzi wamesita. Hakuna anayedanganyika. Lakini juu ya sakafu unyamavu wetu haukuonekana kuwa unyamavu. Ulionekana kuwa jibu. Meli tupu, safi, yenye kamba zilizonyoka, humwambia mtoto kwamba hivi ndivyo meli ilivyo: ni ya chuma, ni ya vipimo, ni ya gavana na mzinga wake. Tena chini ya maji tulinyamaza kwa sababu hatukujua. Juu ya sakafu tulijua sana.

Wala si sisi tu. Meli za mfano zilizomo katika nyumba za makumbusho, kadiri nilivyoona katika picha, karibu zote ni tupu. Watu huharibu umbo, labda ndiyo sababu. Na tusiwacheke wengine. Mara ngapi katika mafundisho nimesema, "Padri fulani alijenga kanisa hili mwaka fulani," kana kwamba padri alichoma matofali peke yake na kuyabeba kichwani? Mwaka ni sahihi, jina ni sahihi. Waliobeba hawamo.

Nilimwendea Mzee Fundi nikamwambia shauri langu: tukate vijiti vya kiberiti, tuviweke sakafuni wawe watu. Kwa kipimo chetu mtu wa sentimita 170 ana milimita 17, yaani theluthi ya kijiti na zaidi kidogo. Alinitazama kwa muda.

"Watu wa mwaka gani?" akauliza.

"Wa 1997, Baba. Wale wa yule mama."

"Juu ya meli ya 1915? Pamoja na mzinga?"

Nilisema labda watu hawatajali. Akakasirika, na ni mara ya kwanza kumwona hivyo. Alisema kwamba nataka kusema uongo ili nimfurahishe mama yule, na kwamba mama yule hakuomba kufurahishwa, aliuliza swali. Sehemu za juu za Liemba hazikuwa kama za Götzen. Mahali alipoonyesha kwa kidole, nyuma ya dohani, hapakuwa vile katika mwaka tuliouchagua. Tukimweka hapo, tutamweka mahali ambapo hakukaa. Nikaona kwamba amesema kweli, nami nikaaibika. Huruma isiyojali kweli ilikuwa karibu kunipeleka pale pale uliponipeleka uzembe.

Hatukubishana zaidi. Kesho yake alichukua patasi akaanza kubomoa sehemu za juu. Vijana walilia mzinga wao. Mmoja aliuchukua, akaenda nao nyumbani. Kazi ile ya pili ilitutwaa miezi miwili. Safari hii picha zilikuwa nyingi, na zaidi ya picha kulikuwa na watu. Waliopanda walikuja kutuambia: hapana, mlango ulikuwa upande huu, hapana, turubai lilifungwa hapa, choo kilikuwa kule, nani atasahau foleni ile? Tulijenga kwa picha na kwa vinywa, na vilipopingana tuliwauliza watu wengine mpaka tukafahamu.

Likabaki swali la watu ni wangapi. Meli hii huhesabiwa kuwa na nafasi za abiria 600, na kijana mmoja alikuwa tayari amekata vijiti 600. Tungevijaza tu, ingependeza. Lakini je, si kukisia tumbo la meli mara ya pili? Kijiti kisicho mtu yeyote ni nini? Mzee Fundi alishika kimoja kati ya vidole, akauliza, "Huyu ni nani?" Hakuna aliyejibu, akakirudisha katika kopo.

Basi tulikata shauri hivi: hatuweki mtu ambaye hakuna wa kumshuhudia. Anayetaka huja, husema alikaa wapi yeye na watu wake, naye mwenyewe hukiweka kijiti kwa mkono wake, na gundi kidogo. Yule mama wa ndagala alikuwa wa kwanza. Aliweka viwili, na kati yake kipande kidogo cha mti mweusi kwa cherehani. Kile cha mama yake alikikata nusu, kwa sababu alikuwa ameketi.

Mimi sikuweza kushuhudia mahali pangu. Mama yangu alikuja akanionyesha, upande wa kushoto karibu na kamba, nikaweka kijiti kifupi. Nimekiweka kwa kusikia tu. Lakini yote niwafundishayo watoto nimeyapokea kwa kusikia kutoka kwa walioshuhudia, na sioni kwa nini nikatae ushuhuda wa mama yangu juu ya biskuti na kamba.

Shida haijaisha. Baada ya majuma kadhaa vijiti vilikuwa hamsini na vichache, na meli ikaonekana kama ya watalii, watu wakiwa wamekaa kwa nafasi kubwa, kumbe siku ile walibanana mpaka mtu hakuweza kunyosha mguu. Kijana mtoto wa mvuvi ndiye aliyeliona. Tuliongeza kibao mbele: "Hawa ni waliotajwa. Wengine walikuwako." Nadhani kibao hicho ni kama ule msumeno; kinaonyesha mahali tulipokoma. Lakini najua kwamba jicho huiona meli kabla ya kusoma kibao, na wengi hawasomi.

Juma lililopita alikuja mwanamume mmoja, mkubwa wangu kwa miaka kumi hivi. Aliweka kijiti chake, akaweka cha mke wake. Kisha akachukua cha tatu. Nikamwuliza ni cha nani. Akasema ni cha mdogo wake. Walikuwa pamoja kambini. Siku ya kupanda meli mdogo wake alikwenda kutafuta maji, majina yakaitwa, meli ikaondoka. Walidhani atapanda safari ifuatayo. Hakuonekana tena, wala Kigoma wala huku.

"Jina lake lilikuwa katika orodha, Mwalimu," akasema. "Mahali pake palikuwa pameachwa. Tuliweka mfuko wake."

Nikamwambia, "Kaka, twaweka waliokuwamo."

"Najua," akasema. "Ndiyo maana nakuuliza."

Vijana walinitazama. Mzee Fundi alikuwa amekaa mlangoni akinoa patasi, naye akaacha kunoa. Nilimwomba yule bwana anipe muda, naye akanipa. Aliniachia kijiti. Kimo katika droo ya meza yangu pamoja na madaftari ya seminari, na kila asubuhi nikifungua droo kutoa kitabu cha mahudhurio nakiona.